Kiingilio cha Kupanda Ngazi

Siku ya pili ya Januari, mji wa Petersburg ukiwa bado na usingizi wa mwaka mpya machoni, Veniamin Podkolzin alisimama kando ya mto Fontanka akimenya chenza na kutazama jambo ambalo hakuliamini. Watu kama ishirini, wageni kwa sura na kwa buti zao mpya, walikuwa wamepanga foleni kwenye baridi ya kukata masikio, mbele ya mlango wa nyumba ya kupanga. Si makumbusho, si kanisa, wala si duka la vodka. Binti mmoja mwenye skafu nyekundu alipokea pesa kwa kila mmoja wao, akabonyeza vitufe vya mlangoni, akawaingiza ndani. Baada ya muda wakatoka nyuso zikiwaka kwa furaha, kama watu waliotoka kubatizwa.

Venya, kama alivyoitwa na wote waliomfahamu na wengi waliojuta kumfahamu, alimsogelea mama mmoja aliyekuwa akijifunga upya kitambaa cha kichwa, akamuuliza kwa adabu walikuwa wameonyeshwa nini.

"Ngazi," alisema mama.

"Ngazi za nini?"

"Za kupandia, mwanangu. Lakini za zamani."

Venya akaacha kutafuna. Alikuwa na miaka arobaini na mitano, amezaliwa katika mji huu, na maisha yake yote alikuwa amepanda ngazi za zamani bure, mara nyingine mbiombio huku akifuatwa. Hakuna aliyewahi kumwambia kwamba ni mali. Aliwahi kukodisha mabenchi ya bustani ya mji kwa wapenzi kutoka mikoani, kwa saa, na akajiona mgunduzi. Kumbe kuna binti mdogo wa skafu nyekundu aliyemzidi akili kwa mbali sana. Alimvulia kofia moyoni, akamaliza chenza, akaenda kutafuta ngazi zake mwenyewe.

Alizipata kabla ya saa sita mchana, mitaa miwili mbele, kwenye nyumba ya ghorofa tano yenye rangi ya kiini cha yai. Mlango ulikuwa na kufuli la vitufe, na katika vile vitufe kumi, vitatu vilikuwa vimeng'aa kwa kubonyezwa miaka nenda miaka rudi. Alibonyeza hivyo vitatu, akaingia, na ndani alikuta ngazi za marumaru zilizolika katikati kama sabuni, dirisha kubwa la vioo vya rangi ambalo nusu yake ilikuwa imezibwa kwa plastiki, na chini kabisa, ukumbini, jiko la ukutani la kuota moto, lililopambwa kwa vigae vya kijani na simba wawili wenye mabawa. Mmoja wa simba hao hakuwa na pua. Ndani ya jiko mtu alikuwa ameegesha kigari cha mtoto. Venya alikitoa kigari, akakificha chini ya ngazi, akaweka mshumaa mahali pake. Ukarabati ukawa umekamilika.

Kilichobaki kilikuwa historia, na hiyo Venya alikuwa nayo tele. Kufika alasiri alikuwa amekwisha kumzaa binti mfalme aitwaye Zarubetskaya, amemwoza kwa jenerali mzee, amempatia mpenzi mpiga fidla, na kumfanya achome barua za mpenzi huyo ndani ya jiko lilelile usiku wa Krismasi, huku machozi yakidondoka juu ya simba. Ndiyo maana, aliwaambia wageni kwa sauti ya chini, yule simba mwenye pua huleta mali kwa mtu anayemgusa kwa moyo safi. Wageni waligusa. Watu wa Izhevsk, watu wa Tula, mume na mke kutoka Vladivostok ambao walikuwa wamesafiri nchi nzima kuja kuona mji na sasa walikuwa wanasugua pua ya kigae. Wote walitoka wameridhika. Nataka hili lieleweke: Venya hakumwacha mtu na huzuni. Aliwapunguzia uzito mifukoni, akawaongezea kitu cha kusimulia nyumbani.

Wakazi wa nyumba hawakumsumbua. Wakati wa sikukuu watu wa mji wetu hulala mpaka mchana, kisha hula mabaki, kisha hulala tena. Siku ya kwanza ilipita. Siku ya pili, Venya akiwa katikati ya barua na machozi, wakasikia sapatu zikishuka ngazi taratibu.

Alikuwa bibi mdogo wa umbo, amevaa gauni la nyumbani na kofia ya manyoya, mkononi kikombe cha chai kinachofuka mvuke. Alisimama ngazi nne juu yao, akasikiliza mpaka barua ya mwisho ikawa majivu.

"Kijana," alisema, "unajua kwamba unawadanganya watu ndani ya nyumba ya watu?"

Venya akapima umbali wa kufika mlangoni. Lakini bibi alikunywa funda moja la chai, akawatazama wageni kwa huruma, akaendelea kushuka.

"Hakuchoma barua hata moja," alisema. "Barua alizitunza, alikuwa bahili kwa kila kitu. Alichoma suruali za mume wake. Zote, mpaka ile ya sare yenye mistari ya dhahabu, ili asipate ya kuvaa kwenda kwa mwanamke wake. Bibi yangu alikuwa mtumishi hapa. Yeye ndiye aliyeshika koleo."

Wageni walicheka mpaka plastiki ya dirishani ikatikisika. Walipiga naye picha mmoja mmoja, wakamuuliza kama jenerali alikwenda kwa mwanamke wake hivyohivyo, akasema alikwenda, amejifunga pazia, ndipo alipopata homa ya mapafu iliyomuua. Mwanamke mmoja alimpa chokoleti. Walipoondoka, bibi aliketi kwenye ngazi ya chini kabisa, akaweka kikombe pembeni.

"Nusu," alisema.

"Nusu ya nini, mama?"

"Ya ulichonacho mfuko wa kushoto. Ule wa kulia nitajifanya sijauona."

Hivyo ndivyo Venya alivyopata mshirika. Jina lake lilikuwa Izolda Karpovna, na alisema anakaa namba tisa, ghorofa ya nne, tangu azaliwe. Mwanzoni Venya aliuma meno. Lakini kabla ya jioni alikuwa amekwisha kuona kwamba nusu ya biashara pamoja na Izolda ilikuwa kubwa kuliko biashara yote ya Venya peke yake. Bibi alijua lini anyamaze. Alijua kumshika mgeni mkono na kumwambia amefanana na marehemu jenerali, na mgeni akarudi kesho yake na shemeji zake. Alileta maandazi ya kabichi ndani ya taulo, akayauza kama mapishi ya jikoni kwa binti mfalme. Hata wakazi aliwashughulikia yeye. Alimwambia Venya asisemeshane nao kabisa, wana wivu, wana midomo, amwachie yeye aliyekua nao.

Na kila siku, kabla ya kundi la kwanza, alimkalisha Venya juu ya ngazi, akammiminia chai kutoka kwenye chupa, akamtazama akila. Andazi la pili akilikataa, bibi alinuna. Siku ya tatu alimfunga shingoni skafu ya sufi ya rangi ya udongo, akisema koo la msema uongo ni mtaji, lisipate baridi. Venya alicheka. Lakini alipofika kwake, chumba cha kupanga mwisho wa reli ambako kupitia ukutani alisikia televisheni ya jirani vizuri kuliko jirani mwenyewe, alijikuta amelala na skafu. Hakukumbuka ni lini mtu alimuuliza kama amekula. Labda mhudumu wa treni, miaka mingi iliyopita.

Msidhani kwamba moyo wake ulilainika mpaka ukamharibia kazi. Ulilainika kiasi.

Siku ya nne akaja Gleb Taskaev. Jina alilitaja mwenyewe mlangoni, kwa sauti ya mtu aliyezoea kusikika kwenye upepo. Alikuwa amevaa koti la ngozi lililofika magotini, na alisema ametoka Surgut, kwenye visima vya mafuta, na mke wake yuko hotelini anaumwa na miguu kwa kuzungushwa makumbusho. Hakucheka habari za suruali. Alizunguka jiko mara mbili, akagonga vigae kwa kidole, akamgusa yule simba asiye na pua. Wenzake walipotoka, yeye akabaki.

Alieleza kwa ufupi. Anajenga nyumba. Mke wake anataka jiko la zamani, si la kuigiza. Ameambiwa Petersburg kila kitu kinauzwa, tatizo ni kumpata mwenye kuuza. Je, hili wanauzaje?

Venya alihisi ubongo wake ukicheza kama samaki kwenye ndoo. Alitamka neno "urithi". Alitamka neno "haiwezekani". Kila alipotamka haiwezekani, Taskaev alipandisha bei, mpaka ikawezekana. Mwishowe wakaelewana kwamba asubuhi ya Krismasi, ambayo kwetu ni tarehe saba Januari, Taskaev angeleta malipo ya awali, taslimu, na mafundi wangekuja baada ya sikukuu. Ila aliweka sharti moja. Hanunui kwa mpiga domo anayeonyesha watu ngazi. Atanunua mbele ya mwenye nyumba, yule bibi, na wakazi wawe wamekubali. Hataki mafundi wake wapigwe na majirani katikati ya kazi.

Alipoondoka, Venya alikaa ngazini akaona bahari ya Sochi, kusini kwenye joto, mbele yake, na michenza inayozaa matunda ambayo mtu anachuma tu. Mpango ulijipanga wenyewe. Angemhitaji Izolda kwa dakika kumi, asimame pale, aitikie kwa kichwa. Kisha malipo yangeingia mfuko wa kulia, Venya angetoka kwenda kununua shampeni, na treni ya kusini ingeondoka na mtu mmoja zaidi. Mafundi wakija, bibi angejua la kuwaambia. Alikuwa na ulimi kuliko yeye.

Hapo mawazo yalimkwama kidogo, akagusa skafu. Kisha akaendelea.

Izolda Karpovna alipoambiwa, alikasirika vizuri sana. Alisema bibi yake angegeuka kaburini. Alisema kuna vitu mtu hauzi hata akifa njaa, akavitaja vichache, na jiko lilikuwamo. Venya alimbembeleza kuanzia mchana mpaka taa za barabarani zilipowaka, na huko kwetu Januari zinawaka mapema. Mwishowe bibi akafuta macho kwa ncha ya kitambaa.

"Jiko si langu peke yangu," alisema. "Ni la milango yote. Mimi ni mkubwa wao, nikienda watanisikiliza. Lakini siwezi kwenda mikono mitupu, mwanangu. Kila mlango uone kitu kwanza. Siku ya mnunuzi asiwepo hata mmoja wa kufungua mdomo."

"Kitu kiasi gani, mama?"

"Kila kitu," alisema Izolda. "Cha kwangu nimekwisha kukitoa, hiki hapa. Bado cha kwako. Wote wawili tutarudishiwa Krismasi, na mara ishirini yake."

Venya hakusita sana. Mtu anayejiandaa kumtoroka mwenzake na mzigo wote huona aibu kubania chambo. Alitoa mfuko wa kushoto. Bibi aliendelea kumtazama, akatoa na wa kulia. Alitoa hata kile kilichokuwa ndani ya soksi, ambacho bibi hakuwa amekitaja.

Kesho yake, mkesha wa Krismasi, Venya alisimama ukumbini akamwangalia bibi akifanya kazi. Izolda alianza ghorofa ya kwanza na kupanda. Alibisha hodi, mlango ukafunguliwa, akanong'ona, akashika mikono ya mtu kwa mikono yake miwili, na Venya akaona vizuri kabisa kitu kikipita kutoka kiganja kwenda kiganja. Kisha mwenye mlango angechungulia chini juu ya kingo za ngazi, amtazame Venya, na kutikisa kichwa polepole. Venya aliwapungia mkono. Walimpungia. Mwanamume mmoja mwenye fulana alionekana kama anataka kulia. Mama mmoja wa ghorofa ya pili alishuka na bakuli la supu ya uyoga, akaliweka ngazini mbele ya Venya bila kusema neno, akapanda tena harakaharaka. Venya aliinywa yote. Alijisemea kwamba watu wa mji huu, ukiwapa chochote kidogo, wana utu kweli.

Asubuhi ya Krismasi kengele zililia mji mzima na theluji ilianguka laini. Venya alifika mapema, amenyoa, ameng'arisha viatu vinavyovuja. Taskaev hakuja. Venya alitembea ukumbini kutoka simba hadi simba. Baridi ilipoingia mpaka kwenye magoti, aliamua kuvunja ile sheria ya kutosemeshana na wakazi. Alipanda mpaka ghorofa ya nne, akabonyeza kengele ya namba tisa.

Alifungua yule mwanamume mwenye fulana. Nyuma yake mke wake alikuwa na sahani mkononi, na wote wawili walipomwona, nyuso zao zikawa laini kama watu wanaomwona mtoto aliyepotea sokoni.

"Venya," alisema mwanamume kwa upole mkubwa. "Krismasi njema. Usiogope. Nani amekutisha?"

Venya alisema hajatishwa, anamtafuta Izolda Karpovna.

"Mama ameondoka kidogo."

"Mama wa nani?"

Mwanamume alimtazama mkewe, na mkewe akaweka sahani chini.

"Mama yako," alisema.

Mambo yalimjia Venya vipandevipande, kwa sauti za chini, kwa sababu milango mingine nayo ilianza kufunguka na kila mtu alimsemesha kama anayetembea juu ya barafu nyembamba. Katika nyumba ile hakuna Izolda yeyote aliyewahi kukaa. Bibi alikuja kwa mara ya kwanza tarehe tatu, akapanda kujipasha moto kwenye mabomba ya joto ya ghorofa ya juu, akaomba maji ya moto ya chai namba tisa, kisha akaomba kuazima sapatu na gauni la nyumbani, miguu ipumzike na nguo zake zikauke. Hapo ndipo alipowaeleza shida yake. Yule chini ni mwanawe. Alikuwa mwalimu wa historia, mtu wa akili nyingi, mpaka siku moja akili ikateleza, na tangu hapo anaamini yeye ni kiongozi wa watalii. Wale wanaokuja kumsikiliza ni ndugu wa ukoo, wana huruma, wanajitolea. Daktari amesema asizuiwe wala asibishiwe hadi Krismasi. Na jana, kwa machozi, alipita mlango kwa mlango kuomba mchango wa matibabu yake. Hakuna aliyekataa. Alfajiri hii mkwe wake, bwana mmoja wa koti refu la ngozi, amekuja kumbebea mzigo.

Venya aliegemea ukuta. Alikuwa amewahi kupoteza, kila mtu wa kazi yake hupoteza, lakini daima alijua kwa nini. Sasa alikuwa amelipa pesa zake zote ili bibi mmoja apande ngazi mbele ya macho yake kukusanya zingine, naye akampungia mkono. Na amekunywa supu. Hicho kilimuuma. Kilichomuuma zaidi, na asingekisema hata kwa kupigwa, ni kwamba kwenye milango yote ya nyumba ile ameitwa mwana wa mtu, kwa machozi, na mtu aliyejua kulia vizuri vile. Kisha akakumbuka kwamba yeye mwenyewe leo hii alikuwa amepanga kumwacha hapa na mafundi wa Surgut, akakosa hata mahali pa kuweka hasira.

Wakati huo akashuka Nonna Lukinichna wa ghorofa ya tano, mwenyekiti wa wakazi, mwanamke mpana mwenye sauti ya dereva wa tramu, kazi aliyoifanya miaka thelathini. Alimshika Venya bega, akamwambia asijali, amekwisha kupiga simu, gari la wagonjwa linakuja. Mama alisema asiporudi mapema leo, wapige.

Venya aligundua kwamba ana njia mbili. Ya kwanza ilikuwa na madaktari. Ya pili ilikuwa na polisi. Alifikiri kwa kasi, akachagua ile ambayo watu wake anawafahamu.

"Sikilizeni," alisema. "Mimi si mgonjwa. Mimi ni tapeli."

"Ndiyo, mwanangu," alisema Nonna. "Mama alisema utasema hivyo."

Akajitetea. Labda katika mji huu hakuna mtu aliyewahi kukiri makosa yake kwa bidii namna ile. Aliwaeleza alivyowakodisha watu mabenchi. Aliwaeleza alivyowauzia wageni tiketi za kutazama madaraja ya mto Neva yakifunguliwa kupitisha meli, mwezi wa pili, mto ukiwa barafu tupu na madaraja yamefungwa mpaka masika, na wageni wakasimama pale wakisubiri, wakamshukuru. Wakazi walitazamana. Mama wa supu aligeuza uso akafuta macho. Ni dhahiri kwamba kichwa kimekwenda kabisa. Nani duniani angenunua tiketi ya namna hiyo? Mwanamume wa fulana akamzungushia mkono begani, mkono wa upole lakini mzito, wakamshusha wote pamoja hadi ukumbini wakisubiri gari.

Mlango wa nje, ambao Venya alikuwa ameuacha bila kufungwa kwa ajili ya Taskaev, ukafunguka, theluji ikaingia, na pamoja nayo wakaingia watu wanane wenye mikoba na simu mikononi. Wa mbele, mama mwenye mashavu mekundu, aliuliza kama hapa ndipo penye jiko la suruali.

Nonna Lukinichna aliwaendea kwa sura ya msibani. Aliwashukuru kwa kuja hata siku ya sikukuu, akawauliza wao ni wa upande wa mama au wa baba.

"Sisi ni wa Vologda," alisema yule mama, ameshangaa kidogo. "Tumeelekezwa na watu tuliokutana nao hotelini. Tunalipa sasa au baadaye?"

Na wote wanane wakatoa pochi.

Mkono wa mwanamume wa fulana uliteleza ukatoka begani kwa Venya. Wakazi walizitazama pochi, wakamtazama Venya, wakazitazama tena pochi. Ilichukua muda, kwa sababu jambo lilikuwa kubwa na lilipaswa kupita kwenye vichwa vingi, lakini lilipita. Venya alifumba macho akingoja kelele. Alisikia badala yake sauti ya dereva wa tramu karibu sana na sikio lake.

"Huwa unawatoza kiasi gani?"

Akamnong'oneza.

"Kila mmoja?"

"Kila mmoja. Watoto nusu."

Nonna Lukinichna alipiga hesabu kwa vidole. Aliangalia dari, mahali ambapo maji ya theluji huvuja kila masika na ambapo ofisi ya nyumba huahidi kuja kila vuli. Kisha akawageukia watu wa Vologda, akawatajia bei mara mbili ya ile, akaongeza kwamba watoto nao ni watu kama wengine. Watu wa Vologda hawakupinga. Ilikuwa likizo.

"Haya, anza," alimwambia Venya.

Venya akaanza. Sauti ilimtoka kavu mwanzoni, kisha ikapata mafuta. Aliwapa binti mfalme na ubahili wake, jenerali na mwanamke wake, moto, koleo, mistari ya dhahabu ikiyeyuka. Wakazi walikuwa wameegemea kingo za ngazi, ghorofa juu ya ghorofa, baadhi na vikombe, baadhi na watoto wachanga, wakisikiliza. Wameishi humo miaka mingi na hakuna mtu aliyewahi kuwaambia wanakaa wapi. Jenerali alipotoka kwenye theluji amejifunga pazia, mwanamume wa fulana alimnong'oneza mkewe kwamba alijua siku zote, pale mlangoni kuna ubaridi usio wa kawaida. Mama wa supu aliuliza kutoka juu kama binti mfalme alijuta. Venya alisema alijuta, lakini si sana, na wanawake wote wa nyumba wakakubaliana kwamba hilo ni sawa.

Alipomaliza walipiga makofi, wageni na wenyeji. Venya akavua kofia, akaizungusha, kwa mazoea tu, na watu wa Vologda wakaijaza kwa mara ya pili kwa hiari yao. Kabla haijafika kifuani kwake, Nonna Lukinichna aliipokea, akaikumbatia kwapani.

Ndipo mlango ukafunguliwa tena. Walikuwa vijana wawili wenye makoti ya kazi ya buluu, wamebeba sanduku la dawa, theluji mabegani. Waliuliza mgonjwa yuko wapi.

Nonna alimtazama Venya. Akatazama ndani ya kofia. Nje, nyuma ya vijana wale, kundi jingine lilikuwa limesimama likisoma namba ya nyumba.

"Mgonjwa gani?" alisema. "Hapa ni makumbusho. Mnalipia wawili, au na dereva?"